Simu Ilimwita Kakenya: Miaka Thelathini na Sita ya Mkunga Marsela Tluway

Ijumaa ya tarehe 27 Februari 2026, baada ya miaka thelathini na sita ya kupokea watoto wa watu, Muuguzi Mkunga Marsela Tluway atakabidhi funguo za chumba cha kujifungulia cha Kituo cha Afya Osupuko na kupanda gari la kwenda kwao Rhotia. Safari hii hatarudi Jumatatu. Sisi tuliozoea kumwona akishuka Jumatatu asubuhi na furushi la maharage mkononi na malalamiko ya barabara mdomoni, bado hatujui Jumatatu zetu zitakuwaje.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Inosenti wa maabara, kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida letu. Nadhani wamenichagua kwa sababu maabara na chumba chake vinatenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe mwembamba. Miaka yote niliyokaa hapa nimesikia kila mtoto akilia kwa mara ya kwanza na kila mama akigombezwa kwa upendo. Mama Marsela mwenyewe ameniomba mambo mawili: niandike kwa kifupi, na nisimpambe. La kwanza limeshanishinda. La pili tutaona.

Alizaliwa Rhotia, kwenye familia ya wakulima wa mahindi na maharage, na ukitaka kumkasirisha mwambie kwamba maharage ya dukani ni sawa na ya kwao. Alisoma huko huko, akaimba kwaya ya kanisa sauti ya pili. Hadi leo akiwa na furaha huimba sauti ya pili peke yake wodini, na msikilizaji hubaki anaitafuta ya kwanza asiipate. Alipohitimu uuguzi alipangiwa Wasso, kwa Wamaasai. Kwa watu wa Rhotia wa wakati ule Wasso palikuwa mbali kuliko Dar es Salaam, maana Dar angalau kuna lami.

Anasimulia mwenyewe kwamba alishuka kwenye basi Wasso akiwa na rangi moja na begi lake kwa vumbi. Mzee wa kwanza kukutana naye alimuuliza kabila, na aliposikia ni Mmbulu akataka kujua kama Wambulu sasa wanatuma mabinti kuja kudai ng'ombe wao walioporwa na mababu wa Kimaasai. Marsela akamjibu kwamba amekuja kuwazalisha wanawake kwanza, habari ya ng'ombe itazungumzwa baadaye. Mzee yule alicheka mpaka akakaa chini. Mke wake alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza aliowapokea, na ng'ombe hawakuzungumzwa tena.

Kimaa, lugha ya Wamaasai, alijifunza kwa kununua maziwa. Anakiongea haraka, bila woga, na kwa lafudhi ya Kiiraqw, lugha ya kwao, ambayo watoto wa bomani wanaiigiza wakidhani hasikii. Kina mama walimpa jina la Yeyo, yaani mama, akiwa bado msichana ambaye hajaolewa. Alipoolewa na Mzee Remigius, mkulima mwenzao wa Rhotia, watu wa Wasso walimhurumia bwana harusi, wakimuuliza amewezaje kuoa mama wa watu wote.

Miaka kumi na minne iliyopita alihamishiwa kwetu Osupuko, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kandokando ya njia ya Endulen. Hapa hairuhusiwi kulima. Hebu fikiria, mtoto wa mkulima anakaa mahali ambapo jembe halina kazi. Alivumilia kwa muda, kisha tukaona kopo la maziwa ya unga dirishani pake, na ndani ya kopo mboga ya mnavu imechipua. Siku moja askari wa hifadhi alikuja kutibiwa kikohozi, akalitazama lile kopo kwa muda mrefu. Mama Marsela akamwambia kwa uso mkavu kwamba huyo ni mgonjwa, amelazwa. Askari alichukua dawa yake akaenda zake.

Sasa niseme habari ya kazi yenyewe, kwa sababu mkunga hasifiwi kwa vichekesho. Alipofika Osupuko wanawake wengi walikuwa wanajifungulia nyumbani, na wengine hawakuamka. Mama Marsela hakuwasuta. Alikwenda bomani kwao, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai yenye maziwa mengi kuliko maji, na akawafundisha maneno machache ambayo baadaye yalikuwa kama wimbo wa huku: kichwa kikikuuma kwa namna usiyoijua, macho yakiona ukungu, miguu ikivimba hadi kiatu kikatae, ondoka uje. Wakaanza kuja. Wakaja kwa miguu, kwa punda, kwa pikipiki zilizopakia watatu. Chumba chake kikajaa, na mimi nikakosa usingizi wa mchana, ambao kwa mtu wa maabara si jambo dogo.

Kisha vikaja vishikwambi.

Mradi ulitoka kwa shirika moja la vijana wa teknolojia, na ulikuwa mradi mzuri, nasema hivyo bila kuumauma maneno. Ndani ya kishikwambi kulikuwa na programu ya kufuatilia wajawazito. Unamsajili mama kwa namba ya simu, unaingiza presha, uzito na majibu ya maabara, na programu inampa alama ya rangi: kijani kama yuko salama, njano kama hajahudhuria, nyekundu kama ana hatari. Siku ya kliniki ikikaribia, inatuma ujumbe wenyewe kwenye simu. Tulidhani mtu wa kwanza kukikataa kile kifaa angekuwa Mama Marsela, aliyekwisha vuka hamsini. Lo, tulikosea. Alirudi kutoka mafunzo ya Karatu amekikumbatia, amekishonea mfuko wa kitenge, na ndani ya mwezi mmoja ndiye aliyekuwa anatufundisha sisi. Mzee Remigius, aliyezoea kuwa na mke wake mwisho wa juma, alikipa kishikwambi jina la Bwana Mdogo, akawa akipiga simu anauliza kwanza hali ya Bwana Mdogo.

Faida tuliziona kwa macho. Mtoto aliyeungua kwa maziwa ya moto alipigwa picha, picha ikaenda kwa daktari hospitalini, na maelekezo ya kumtibu yakarudi kabla mama yake hajamaliza kulia. Dawa zilipokaribia kuisha, bohari walijua kabla hatujaanza kulalamika. Ripoti ya mwezi, ambayo zamani ilisafiri na gari la maziwa na wakati mwingine kufika ikiwa imelowa maziwa, sasa ilifika kwa kubonyeza. Na mama mwenye presha iliyokuwa inapanda kidogo kidogo aliweza kuonekana mapema, kwa kuwa kishikwambi hakisahau kipimo cha mwezi uliopita.

Mipaka nayo tuliiona. Mtandao wa Osupuko upo juu ya jiwe moja nyuma ya jengo, na kulipanda ukiwa na viatu vya kazini ni ibada. Tunaliita Jiwe la Marsela hadi leo. Ukungu ukikaa wiki nzima, sola inakataa na Bwana Mdogo analala usingizi wa pono. Programu ilidai mtaa na namba ya nyumba, huku nyumba zenyewe huhama malisho yakiisha. Mama Marsela alikuwa akiandika jina la mwenye boma na mlima ulio karibu, kishikwambi kinakataa, anaandika tena, kinakataa, mpaka kinachoka kwanza. Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha. Lililofuata halikuwa la kuchekesha, na yeye mwenyewe amesisitiza liandikwe, la sivyo hasomi jarida hili.

Lilitokea kwenye boma la Loserian. Loserian ni mfugaji mwenye wake wawili na simu moja. Mke mkubwa ni Kakenya, mama wa watoto kadhaa, mcheshi, anayejulikana na kila mtu hapa kituoni. Mke mdogo ni Nareyu, aliyeolewa si zamani, mpole, mwenye mimba ya kwanza. Wote wawili walikuwa wajawazito kwa wakati mmoja. Nareyu alisajiliwa na wenzetu wa huduma ya mkoba waliopita bomani siku ambayo Mama Marsela alikuwa likizo, kwa hiyo hakuwahi kumwona uso. Na wake wote wawili waliandikwa kwa namba ile ile ya Loserian, kwani nyingine haikuwepo.

Ujumbe wa programu, kwa ajili ya kulinda siri ya mgonjwa, haukutaja jina. Ulisema tu kwamba mama anatakiwa kliniki kesho. Ulipoingia kwa ajili ya Nareyu, Loserian alisomewa, akatangaza nyumbani kwamba mama ameitwa. Na kwenye boma lenye heshima zake, mama akiitwa, anayeinuka ni nyumba kubwa. Nareyu kutangulia mbele ya Kakenya ingekuwa utovu wa adabu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuwaza. Kakenya akavaa shanga zake akaja, Nareyu akabaki na ndama.

Huku kwetu nako kulikuwa na heshima zetu. Mama mtu mzima haitwi jina lake kavukavu mbele ya watu. Mama Marsela, ambaye adabu ya huku imemwingia kuliko wengi waliozaliwa huku, hufungua mlango na kumwita mke wa fulani. Siku hiyo akamwita mke wa Loserian. Kakenya akasimama, naye ni mke wa Loserian kwelikweli. Kishikwambi kikafunguliwa kwa namba ya simu, kikaleta juu jalada la yule aliyetarajiwa siku hiyo, yaani Nareyu, hakuna aliyelisoma jina, na ndani yake ikaandikwa presha ya Kakenya, iliyokuwa nzuri kama ya msichana. Nareyu, aliyekuwa nyumbani akifunga ndama, akapata kijani.

Jalada la Kakenya likabaki tupu, likawa njano, programu ikaita tena. Kakenya akaja tena. Safari hii likafunguliwa jalada lake mwenyewe, likawa kijani, la Nareyu likaanza kuita, Kakenya akaja tena. Hakuna mama aliyewahi kuhudhuria kliniki yetu kama Kakenya. Tulimsifia. Yeye mwenyewe alitamba kisimani kwamba simu inampenda, na wenzake wakamwonea wivu.

Asubuhi moja ya kiangazi Kakenya alifika na kibuyu cha maziwa kama zawadi. Loserian alikuwa mbali na ng'ombe, ujumbe ulimkuta mnadani, akatuma salamu kwa jirani kwamba mama ameitwa. Mama Marsela alikuwa akimfunga mkanda wa presha huku wakitaniana, akamuuliza kwa mzaha kama huko nyumbani hawana mwanamke mwingine wa kutuletea. Nilikuwa mlangoni na vichupa vyangu, nikasikia jibu. Kakenya alisema yupo mke mwenzake mdogo, Nareyu, naye ana mimba, tena siku hizi hafanyi kazi, kichwa kinamuuma tangu juzi na ndala zimekataa miguu. Kisha akaongeza, bila wasiwasi wowote:

"Angekuja na yeye, lakini simu haijamwita."

Mama Marsela aliuachia ule mkanda ukanywea mkononi mwa Kakenya. Akachukua kishikwambi, akalifungua jalada la Nareyu, akaona presha nzuri zilizopangana, alizoziingiza kwa mkono wake mwenyewe. Miaka mingi amewafundisha wanawake hawa kwamba kichwa kikiuma usingoje mtu, na sasa msichana mwenye dalili zote za kifafa cha mimba alikuwa amelala bomani, anangoja kuitwa.

Dereva wetu Kisioki hakuulizwa kama gari lina mafuta, aliambiwa tu apande. Tuliondoka wanne, mimi nikiwa na vifaa vya kupima mkojo magotini na Kakenya akielekeza njia. Hakuna barabara ya kwenda kule, kuna makubaliano tu kati ya dereva na mawe. Tulimkuta Nareyu amelala kiubavu, uso umejaa, akilalamika kwamba mwanga wa mlangoni unamchoma macho. Presha ilikuwa ya kutisha. Mkojo wake ulikuwa na protini kiasi kwamba sikuhitaji kusubiri rangi itulie.

Pale bomani hapakuwa na mtandao hata wa kubahatisha. Lakini programu ile ile, jamani, ilikuwa na mwongozo wa dharura unaofanya kazi bila mtandao, hatua kwa hatua, pamoja na hesabu ya dozi ya sindano ya kuzuia degedege. Mama Marsela anaijua ile dozi, ameitoa mara nyingi. Hata hivyo alinipa kishikwambi nimsomee kwa sauti, akirudia kila neno kabla ya kugusa bomba la sindano. Aliniambia baadaye kwamba siku mikono inapotetemeka, mtu asijitegemee peke yake.

Ikabaki safari ya hospitali, na hapo tukakwama. Mama mkwe alikataa Nareyu aondoke. Si kwa ubaya, mume hayupo, na mke haondolewi bomani kwenda kupasuliwa bila mwenye boma kujua. Simu ya mwenye boma ilikuwa na mwenye boma, na mwenye boma alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wanajua wenyewe walipo. Mama Marsela alibembeleza, akaeleza, akapiga magoti kabisa kwenye vumbi mbele ya yule bibi. Nareyu alikuwa ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Ndipo Kakenya, aliyekuwa ameegemea ukuta na tumbo lake, akajitokeza katikati.

"Mimi ndiye nyumba kubwa," alisema. "Loserian akirudi atanikuta mimi. Mpelekeni."

Hakuna aliyempinga. Heshima ile ile iliyomfungia Nareyu nyumbani ndiyo iliyomfungulia mlango, na Kakenya mwenyewe alimshika kichwa njia nzima, tumbo kwa tumbo, kwenye gari linaloruka kama mbuzi. Kisioki alisimama juu ya mwinuko wa kwanza wenye mtandao, Mama Marsela akatuma vipimo vyote na kupiga simu. Tulipofika hospitalini chumba cha upasuaji kilikuwa tayari na daktari amekwisha vaa. Jua lilikuwa bado halijazama mtoto alipolia. Ni msichana, wakamwita Namunyak, jina la mwenye bahati. Mama yake alifumbua macho kesho yake na kuuliza ndama wamefungwa na nani.

Mama Marsela alitoka nje ya wodi, akakaa kwenye ngazi, akalia. Sioni aibu kuandika kwamba na sisi tulilia. Kisioki alisema ni vumbi.

Habari ingeweza kuishia hapo, na wapo waliomshauri iishie hapo. Mama mzima, mtoto mzima, nani atauliza? Zaidi ya hayo, mkutano wa tathmini ya mradi ulikuwa unakaribia Karatu, na Osupuko ilikuwa imetajwa kuwa kituo bora kati ya vyote. Rangi zetu zilikuwa za kijani kuliko mashamba ya Rhotia mwezi wa nne. Tulikwisha pigilia hata msumari ukutani kwa ajili ya cheti. Mama Marsela alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na kusema mbele ya wakubwa kwamba umeandika presha ya mtu kwenye jalada la mwingine ni kuweka jina la maisha yako yote mezani. Aliwasikiliza washauri wake wote, akawajibu kwamba mficha uchi hazai, na yeye kazi yake ni uzazi.

Nilikuwepo ukumbini. Ramani ya vituo ilikuwa inang'aa ukutani, cheti kipo mezani kwenye fremu, wageni wanapiga makofi. Mama Marsela alisimama kabla jina letu halijamaliza kutajwa.

"Kabla hamjatupa hicho cheti," alisema, "pale ukutani kuna kijani ambacho si kweli. Nilikiweka mimi kwa mkono wangu, na karibu kiue mtu."

Kisha akasimulia yote, tangu ujumbe usio na jina hadi adabu yake mwenyewe ya kuita mke wa fulani. Hakuilaumu programu na hakujitetea. Alisema wazi kwamba bila kile kishikwambi Nareyu angefia njiani, na kwamba kwa sababu ya kile kishikwambi Nareyu nusura afie nyumbani, na kwamba anayetaka kubeba moja na kuacha jingine anajidanganya. Jambo lililomuuma zaidi, alisema, ni kwamba wanawake aliowafundisha kuisikiliza miili yao walikuwa wameanza kuisikiliza simu. Cheti kilikwenda kituo kingine. Yeye alipewa onyo, akalipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Lakini katika safu ya nyuma alikuwapo Neema, binti aliyeiunda ile programu, na Neema hakukasirika. Wiki iliyofuata alishuka Osupuko na begi lake, akakaa nasi kwa muda, akapanda Jiwe la Marsela, akala maharage ya Rhotia, akaenda mpaka kwa Loserian kunywa chai. Yeye na Mama Marsela walibishana kila jioni kama mama mkwe na mkwe wake, na nje ya mabishano hayo programu ikazaliwa upya. Sasa kila mama ana picha yake na alama anayoichagua mwenyewe: mmoja ushanga mwekundu, mwingine ndama mweupe. Simu ikisema ndama mweupe ameitwa, nyumba kubwa inajua si zamu yake, na siri ya mtu inabaki kwake. Kabla ya kuandika kipimo chochote, muuguzi lazima aguse picha ya uso ulio mbele yake. Mtu akijaribu kuruka hatua hiyo, kifaa kinakaa pale pale kimenuna.

Na ujumbe wenyewe sasa ni wa sauti, kwa Kimaa. Ilitafutwa sauti nzuri ya redio kutoka mjini, kina mama wakaikataa, wakasema hawamjui huyo. Kwa hiyo sauti ni ya Mama Marsela, na lafudhi yake yote ya Kiiraqw, ambayo watoto wanaendelea kuiigiza. Kila ujumbe, hata uwe wa nini, unamalizika kwa maneno aliyoyadai yeye na Neema akayakubali bila ubishi: ukijisikia vibaya, njoo bila kuitwa. Vituo vingine vya Karatu na Ngorongoro vimekwisha ichukua programu hiyo mpya. Zipo simu huko milimani ambazo sauti ya mama huyu itaendelea kuzungumza ndani yake, mwenyewe akiwa Rhotia anapalilia.

Kakenya alijifungua mvulana hapa kituoni wiki chache baada ya Namunyak. Leo ni mhudumu wa afya wa jamii, na anasimulia kila mahali kwamba yeye ndiye aliyemwokoa Nareyu. Ni kweli, kwa hiyo hatumkatizi. Loserian aliporudi na ng'ombe alikwenda moja kwa moja kwa Mama Marsela. Tulidhani anakwenda kudai. Alisimama mlangoni, akauliza wake zake wanunuliwe simu ya aina gani.

Juma lililopita, siku ya mwisho ya kliniki yake, Mama Marsela alikuwa anafunga mlango pale alipomwona mwanamke anakuja kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa Nareyu, na mgongoni ni Namunyak. Mama Marsela alishituka, akashika kishikwambi kutafuta tarehe yake, asiione. Akamuuliza ni nani aliyemwita. Nareyu akacheka, akasema hakuna. Ana mimba nyingine, kichwa kilimuuma kidogo asubuhi, akaona aje. Presha yake ilikuwa sawa. Mama Marsela aliipima mara ya pili, si kwa sababu ya wasiwasi. Nadhani alitaka tu kuushika ule mkono kidogo zaidi. Nilimsikia ukutani akianza kuimba sauti ya pili.

Tunaushukuru ukoo wa Tluway kwa kutuazima binti yao. Tunamshukuru Mzee Remigius kwa uvumilivu, na tunamjulisha rasmi kwamba Bwana Mdogo anabaki Osupuko, mzee ameshinda. Mama Marsela, nenda ukalime mpaka uchoke, mvua ije kwa wakati, maharage yakujae ghalani na wajukuu wakujae mapajani. Mnavu wako wa kwenye kopo tutaumwagilia. Msumari wa cheti, ambao wewe uliugeuza kuwa pa kutundikia koti lako jeupe, hautatundikwa kitu kingine. Na siku yoyote utakayotukumbuka, usingoje mwaliko, usingoje simu wala ujumbe. Njoo bila kuitwa.